Hakuna Mkenya aliyesema anataka kiongozi dhaifu

Nimetumiwa tena, na tena kwenye kundi la WhatsApp la watu wenye shahada, ile habari kwamba Wakenya sasa wanadai kiongozi imara mwenye tajriba. Kwani kuna siku walidai legelege asiyejua kazi? Sisi tunaotunga hojaji za kura za maoni tunajua swali ambalo kila mtu atalijibu ndiyo halipimi kitu. Linajaza ukurasa tu.

Nikimsomea mhojiwa orodha ya sifa saba na kumtaka aseme kila moja ina umuhimu gani, zote zitapata zaidi ya asilimia themanini. Uadilifu, juu. Uimara, juu. Kumcha Mungu, juu sana. Nikigeuza orodha, zile zinazosomwa mwisho huwa na nafasi ya kupanda, hasa kwa simu, ambako mtu hana kadi ya majibu mkononi na ukweli ni kwamba anasubiri umalize aendelee kukorogea ugali. Nikiacha swali wazi, bila orodha yoyote, "tajriba" huporomoka na watu huanza kutaja unga, karo na kazi. Yote hayo ni kanuni za kawaida kazini kwetu, sitazirefusha.

Kinachonikera zaidi ni hilo neno imara. Imara wa kufanya nini? Mhoji akiwa na subira, akauliza swali la pili, majibu hutawanyika. Muuza mitumba wa Gikomba alisema imara ni yule asiyetetemeka mbele ya makateli wa sukari, yale magenge ya wafanyabiashara. Mzee mmoja wa Trans Nzoia, siku hiyohiyo, alisema imara ni anayeweza kukaa na wapinzani wake mezani bila kurusha ngumi. Hao wawili wangeweza kukesha wakibishana, lakini ofisini majibu yao yalipewa nambari moja, yakaingia safu moja, na mteja akapewa asilimia moja safi ya kuchapisha. Mteja huwa hataki kuona yale maandishi ya pembeni. Nimewahi kuyaambatisha kwenye ripoti, yakaondolewa kwa sababu "yanachanganya".

Sasa tajriba. Wanaoamini kwamba wapigakura huitafuta hukimbilia uchaguzi wa urais wa 2002. Mwai Kibaki alikuwa mbunge tangu 1963, waziri wa fedha kwa miaka mingi, makamu wa rais kuanzia 1978 hadi 1988. Uhuru Kenyatta alikuwa ameshindwa kiti cha Gatundu Kusini 1997 na kuingia Bungeni 2001 kwa kuteuliwa. Kibaki akapata takriban asilimia 62, Uhuru 31. Tajriba imeshinda, sivyo? Subiri. Raila Odinga alikuwa amesimama Uhuru Park akatamka Kibaki Tosha, na nyuma yake wakaja vinara waliokuwa wametoka Kanu, chama tawala, kwa hasira baada ya Rais Moi kuwachagulia Uhuru awe mrithi wake. Ungemtoa Kibaki ukamweka kinara mwingine wa Narc, muungano uliomsimamisha, je, matokeo yangebadilika? Sina njia ya kulipima hilo, na anayedai anayo anakuuzia kitu.

Ruka hadi 2013. Raila ametoka kuwa waziri mkuu kwa miaka mitano. Uhuru na mwenzake William Ruto wana kesi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Uhuru akavuka nusu ya kura kwa unywele. Kisha 2022: Ruto, mbunge tangu 1997, waziri, naibu rais kwa miaka tisa, anajinadi kama hasla mwenye wilbaro, mtu wa chini anayepambana na familia kubwa. Ikiwa wapigakura walikuwa na kiu ya tajriba, mbona mwenye tajriba aliificha? Alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, tofauti ya kura kama 233,000. Na tukirudi kwenye ule unga ambao watu huutaja wenyewe: siku zile pakiti ya unga wa kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200, na ruzuku ya Julai iliyotangazwa kuishusha hadi 100 ilikuja kampeni zikielekea ukingoni.

Nionavyo mimi, mara nyingi mtu huchagua kwanza, kisha huitafutia chaguo lake sifa. Ukimuuliza atampigia nani kabla ya kumuuliza sifa anazozitaka, zile sifa zitamfanana yule aliyemtaja kama sare iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Ndiyo maana mpangilio wa maswali si jambo la karani.

Kuna mambo yananitatiza, na wenzangu hawapendi yaandikwe. La kwanza, hamu ya mkono mzito ipo, si hadithi ya magazeti tu. Magufuli alipoanza kubana matumizi mwishoni mwa 2015, Wakenya ndio waliojaza Twitter kwa mizaha ya kujibana kama yeye, na ndani ya mizaha ile mlikuwa na wivu wa kweli. Lakini Afrobarometer, mtandao wa watafiti wa maoni barani Afrika, wakiwauliza Wakenya kama wangekubali uchaguzi na Bunge vifutwe ili rais aamue kila kitu, walio wengi hukataa katakata. Yote mawili yanatoka kwa watu walewale, na sijui namna ya kuyapanga kwenye jedwali moja.

La pili linanisumbua zaidi. Mwisho wa mahojiano ya aina hiyo huulizwa swali dogo: unadhani ni nani aliyetutuma? Si wachache wanaojibu, serikali. Sasa mtu anayeamini anaongea na mjumbe wa serikali, akasema anataka uongozi imara, amenipa maoni yake au amejikinga? Kwenye sampuli ya watu 2,400 tunatangaza kiwango cha makosa cha pointi mbili, juu au chini. Woga haumo kwenye hesabu hiyo. Na kabla ya uchaguzi wa 2022, kampuni kubwa kadhaa zilimweka Raila mbele kwenye kura zao za maoni za mwisho, kila moja na kiwango chake cha makosa, naye akashindwa.

Vijana walioingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha hawakuitisha mwenye tajriba. Walisema hawana kiongozi, na waliwakataa wanasiasa wazoefu waliojaribu kujipenyeza. Hao nao ni wapigakura, au watakuwa.

Kwa hiyo kabla hujanitumia habari nyingine, tafuta swali lenyewe lilivyoulizwa na nani aliyelilipia. Sheria ya kuchapisha kura za maoni za uchaguzi, ya 2012, inawataka wachapishaji waseme. Gazeti likikujibu kwamba halikuwa na nafasi, liulize ilitoka wapi ile ya picha ya nusu ukurasa.