Pinnekjøtt si mishikaki

Desemba ikiingia tu, nalisikia tena lile kosa la kuiita pinnekjøtt, chakula cha Krismasi cha Wanorwei, mishikaki. Mara hii lilikuwa kwenye ujumbe wa sauti wa kikundi cha familia: kijana wetu aliyehamia Bergen anawaeleza shangazi zake kwamba Wanorwei, siku ya Krismasi, "wanakula mishikaki ya kondoo". Shangazi mmoja akauliza kama wanatia ndimu na pilipili. Hapo nikaona niandike.

Pinnekjøtt ni mbavu za kondoo zilizotiwa chumvi na kukaushwa, pengine zikapigwa moshi pia, kisha zikapikwa kwa mvuke. Ni chakula cha mkesha, jioni ya tarehe 24 Desemba, kengele za kanisa zikishalia saa kumi na moja. Asili yake ni Vestlandet, upande wa pwani ya magharibi.

Kosa linaanzia kwenye jina. Pinne ni kijiti, kjøtt ni nyama, na Mswahili akisikia kijiti na nyama pamoja, moto wa mkaa unamjia kichwani wenyewe. Lakini Kinorwei hubandika majina mawili bila kukwambia yanahusiana vipi, nasi tunafanya vivyo hivyo kwa hii "ya" yetu. Wali wa nazi una nazi ndani yake. Mkate wa mofa hauna mofa ndani. Mofa ni jiko ulimookwa. Pinnekjøtt ni ya kundi la mkate wa mofa: kijiti ni chombo cha kupikia.

Chukua sufuria kubwa. Chini yake panga vijiti vya bjørk, ule mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe, vilivyomenywa gome lake kwa sababu gome huleta uchungu. Vipandanishe kama kichanja. Mimina maji yaishie chini kidogo ya kimo cha vijiti, kisha zipange mbavu juu, funika, uache zipate mvuke kama saa tatu, ukiongeza maji yanapopungua. Nyama ikianza kuachana na mfupa, tayari. Waganda wapikapo matoke hutandika vikonyo vya majani ya mgomba chini ya sufuria kwa kazi hiyo hiyo, na sijapata kusikia mtu akiyaita matoke yale mishikaki.

Mshikaki ni nyama iliyotungwa. Kijiti kinapita katikati ya kipande, hicho ndicho kiini cha neno. Hata abiria watatu juu ya bodaboda moja tunasema wamepanda mshikaki, kwa kuwa wamepangana kama vipande vilivyotungwa. Kwenye pinnekjøtt hakitungwi kitu. Wapo Wanorwei wanaosema pinne ya jina hili ni ubavu wenyewe, maana mbavu zikitenganishwa kila mmoja hushikika kama kijiti. Sigombani nao. Hata kwa maelezo hayo, mshikaki haupo.

Na tukitafuta ndugu yake kwetu, tusiende kwenye jiko la mkaa. Twende kwa papa mkavu. Kondoo walichinjwa msimu wa vuli, majira ya baridi yalikuwa marefu na friji hazikuwapo, kwa hiyo chumvi na upepo ndivyo vilivyoihifadhi nyama mpaka Krismasi. Ndiyo maana mbavu hulowekwa kwanza, saa 30 hivi, ili chumvi ipungue, kama unavyomloweka papa kabla ya kumtia nazi. Asiyejua hili akaongeza chumvi sufuriani ameharibu karamu ya watu.

Mezani huja na viazi na rojo zito la manjano la kålrabi, mzizi wa jamii ya kabichi, lililopondwa kwa siagi. Mama mkwe wangu huzipasha sahani moto ndani ya oveni kabla ya kupakua. Mwaka wa kwanza nilidhani ni mapambo ya adabu, nikaichukua yangu kabatini, ikiwa baridi. Kabla sijamaliza ubavu wa pili mafuta ya kondoo yalikuwa yameganda meupe ukingoni mwa sahani, na mengine kwenye kaakaa langu. Akanibadilishia sahani bila kusema neno.

Kuna jambo jingine linalonisukuma kusahihisha. Upande wa mashariki, Oslo na kandokando yake, familia nyingi mkesha huo hula ribbe, nayo ni mbavu pia, ila za nguruwe, zilizookwa mpaka ngozi ikawa kama chapati kavu. Mtu akijumlisha yote kuwa "mbavu za Krismasi" au "mishikaki", Mwislamu aliyealikwa atajuaje alichowekewa? Pinnekjøtt ni kondoo, ribbe ni nguruwe. Suala la uchinjaji linabaki palepale, na soseji zinazowekwa kando ya pinnekjøtt nyingi zina nguruwe, kwa hiyo mgeni aulize. Lakini aulize akijua jina la kitu.

Kwa hiyo mpwa wangu, ukirekodi tena, waambie shangazi ni mbavu kavu za kondoo zilizopikwa juu ya vijiti. Ukitaka kufupisha, sema "nyama ya vijitini". Hiyo "-ni" ya mwisho inatosha. Na yule aliyeuliza, mjibu: hawatii ndimu wala pilipili.