"Mbona Kikwete?" Mwanajeshi, kadi ya chama na ubunge

Uchaguzi ukikaribia, vijiwe vya Mwanza, Kirumba hadi Igoma, huulizana: mwanajeshi aliyeko kazini anaruhusiwa kugombea ubunge wa Nyamagana au Ilemela? Haruhusiwi. Basi hapo mtu atadakia: "Mbona Kikwete?"

Jakaya Kikwete alimaliza shahada ya uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, akaenda chuo cha kijeshi cha Monduli, akatunukiwa kamisheni, yaani uofisa wa jeshi, 1976. Kati ya 1984 na 1986 alikuwa mkufunzi mkuu wa siasa na kamisaa, yaani ofisa wa siasa jeshini, palepale Monduli. Nadhani ukikielewa cheo hicho, mengine yanaeleweka. Baada ya maasi ya Januari 1964, jeshi liliundwa upya likiwa pamoja na chama: matawi yalikuwa kambini, na ofisa alivaa gwanda huku kadi iko mfukoni. Ndiyo maana alitumikia CCM Nachingwea na Masasi, akawa mbunge wa kuteuliwa na naibu waziri 1988, kisha waziri wa maji, nishati na madini 1990, bado akiwa ofisa wa jeshi.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, ikabidi achague kati ya jeshi na siasa. Akaliacha jeshi akiwa Luteni Kanali.

Siku hizi Katiba, ibara ya 147(3), inampiga marufuku mwanajeshi kujiunga na chama chochote. Kura tu ndiyo anapiga. Ibara ya 67 nayo inataka mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Wengi husoma moja wakaiacha nyingine, ndipo wanapopotoka. Zisome pamoja uone: bila chama hagombei, na chama hawezi kujiunga.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: aombe kuacha kazi, angoje akubaliwe kwa maandishi, ndipo achukue kadi, fomu ije mwisho. Anayewahi kadi ili asipitwe na kura za maoni za chama amevunja Katiba siku hiyohiyo, hata kama hajatangaza nia.

Tena ibara ya 147(4) inahesabu polisi, magereza na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kuwa wanajeshi, walioajiriwa kwa masharti ya muda au ya kudumu. Askari magereza wa Butimba anayesema "mimi ni wa mkataba tu" naye yumo.