Kitovu kikatwe kwanza, dawa ya kutuliza baadaye

Malalamiko ya upasuaji wa kujifungua yanayofika mezani kwangu siku hizi yanafanana. "Mke wangu kapasuliwa akiwa macho, dawa mmembania." Yanatoka Bahi, yanatoka Chamwino, yanatoka hapahapa Dodoma mjini, na wapo wanaosema dawa imefichwa ikauzwe. Hapana.

Mama anayejifungua kwa upasuaji mara nyingi tunampa ganzi ya mgongo, si nusu kaputi. Ni sindano nyembamba kiunoni, na baada ya dakika chache kuanzia kifuani kwenda chini hasikii maumivu. Kabla ya kisu tunampitishia pamba yenye spiriti tumboni, tukipanda taratibu hadi kifuani: "Mama, hapa unasikia ubaridi?" Kama bado anausikia tumboni, hatuanzi. Kuvutwa na kusukumwa atakusikia tu. Maumivu ni kitu kingine. Aseme palepale, asijikaze kwa kuogopa kuitwa mwoga.

Sasa hizo dawa za kutuliza hofu, diazepamu na midazolamu, zinavuka kondo la nyuma. Zikimlegeza mama zinamlegeza na mtoto, naye ini lake bado changa, diazepamu inakaa mwilini mwake muda mrefu. Anatoka mlegevu, halii, anapumua kwa kusuasua, ziwa halishiki vizuri. Na dakika ile ya kwanza ndiyo tunayoipigania: tunamkausha, na asipopumua tunampa hewa kwa mfuko na barakoa. Kwa hiyo mama mwenye hofu tunamshika mkono, tunaongea naye, dawa inasubiri hadi kitovu kibanwe na kukatwa. Baada ya hapo dozi ndogo haina neno, na ananyonyesha akishaamka sawasawa.

Wapo tunaowapa dawa mapema kwa lazima. Mwenye kifafa cha mimba anachomwa magnesiamu salfeti hata kama mtoto atazaliwa amelegea kidogo, maana degedege linaweza kuwaua wote wawili. Mama anayevuja damu nyingi anaweza kuhitaji nusu kaputi, na wa kumpokea mtoto anakuwa keshasimama pembeni na vifaa vyake.

Fomu ya ridhaa anasaini mama mwenyewe akiwa na fahamu zake, si mume, si mama mkwe. Mwenye malalamiko aandike barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali husika, aeleze tarehe, namba ya faili na kilichotokea. Asiporidhika, aende Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo linaweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista. Kumfokea muuguzi wodini si malalamiko, ni kelele.

Na mtaalamu wa usingizi anapouliza mama amekula nini, aambiwe ukweli, pamoja na ile mitishamba ya kuongeza uchungu aliyoletewa na shangazi. Juzi tumeambiwa habari za uji wakati mama ameshaanza kutapika juu ya meza.