Kudhibiti si kufungia

Nimelisikia tena redioni, kwa mtangazaji: "Wanaotaka vyombo vya habari vidhibitiwe kwa ajili ya wanawake, wanataka tufungwe mdomo." Sivyo. Kudhibiti vyombo vya habari ili kuzuia ukatili dhidi ya wanawake ni kuwa na kanuni zinazojulikana mapema, za namna ya kuripoti na kuonyesha ukatili huo, na mahali pa kupeleka malalamiko zikivunjwa.

Neno lenyewe, "kudhibiti", tumelionea. Mzizi wake ni wa Kiarabu, dh-b-t, wenye maana mbili zinazokwenda pamoja: kushika barabara, na kufanya jambo kwa usahihi. Mwarabu husema saa yake ni "madhbut" ikiwa haikawii wala haitangulii. Humo ndimo tulimopata "madhubuti", neno tusiloliogopa hata kidogo: mahakama hutaka ushahidi madhubuti, fundi husifiwa kwa ukuta madhubuti. ("Thabiti" ni la mzizi mwingine, ingawa wengi huyachanganya.) Lakini kwenye "dhibiti" tumebaki na mkono unaobana tu, usahihi tumeusahau.

Na usahihi ndio unaokosekana magazetini. "Amuua mkewe, kisa wivu wa mapenzi." Kesi haijasikilizwa, mwandishi ameshampa muuaji sababu, tena sababu yenye neno mapenzi ndani yake! Msomaji anabaki akijiuliza marehemu alifanya nini. Kichwa hicho ndicho kinachohitaji kudhibitiwa, na habari yenyewe ikachapishwa yote.

Kanuni za maadili zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya Kenya ya 2013 zilikataza kumtambulisha mtu aliyefanyiwa ukatili wa kingono. Kesi ikaripotiwa, jina lake lisitajwe. Itifaki ya Maputo ya 2003, mkataba wa Umoja wa Afrika wa haki za wanawake, katika kifungu cha 13 inazitaka nchi zizuie wanawake kudhalilishwa katika matangazo ya biashara. Tanzania nako, Baraza la Habari lililoanzishwa 1995 na wanahabari wenyewe husikiliza malalamiko na kusuluhisha.

Kufungia ni kuzima habari isiwafikie watu. Katika habari zinazozimwa hivyo, imo na ya mwanamke aliyethubutu kusema.

Basi ndugu mtangazaji, gazeti likizimwa, sema limefungiwa. Neno hilo lipo na linatosha.