Indiketa ya Land Rover ya zamani: kabla hujanunua flasha nyingine

Mjomba wangu ana Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, ya mwaka 1976. Iko Tanga, karibu kabisa na bahari. Kwa miezi mitatu indiketa yake ya nyuma kulia ilikuwa inawaka hafifu kama mshumaa, haipepesi, na katika miezi hiyo mjomba alinunua flasha tatu, kile kifaa kinachozifanya taa za indiketa zipepese. Kila fundi aliyeinama kwenye boneti alisema neno lile lile, flasha imekufa, na mjomba akatoa hela. Nilipofika likizo nilimkuta anataka kwenda kununua ya nne.

Iliniuma, na si kwa hela tu. Barabara ya kutoka Tanga kwenda Segera usiku, indiketa ndiyo mdomo wa dereva. Lori lililo mbele likikuwashia kulia linakuambia usipite, kuna gari linakuja. Gari lenye indiketa ya kulia iliyokufa ni gari bubu. Kwa hiyo nayaandika haya niliyoyasikia gereji nyingi, na ukweli wake.

"Indiketa isipopepesa, flasha imekufa"

Hii ndiyo inayokula hela za watu kuliko zote. Flasha ya zamani ni kikopo kidogo cha bati chenye miguu miwili au mitatu. Ndani mna utepe wa metali unaopinda ukipata joto. Joto hilo linatokana na umeme ule ule unaokwenda kwenye globu: utepe unapata moto, unapinda, unakata umeme, unapoa, unarudi. Ile tak, tak unayoisikia chini ya dashibodi ndiyo kazi hiyo.

Sasa angalia maana yake. Flasha inategemea mzigo wa globu. Globu moja ya indiketa ni wati 21. Ya mbele na ya nyuma pamoja ni wati 42, na kwenye volti 12 hizo ni ampea 3.5. Moja ikiungua, au umeme ukikwama njiani, joto halitoshi, na utepe hauendi kama ulivyokusudiwa. Flasha nyingine hapo zinawasha taa moja kwa moja bila kuzima, nyingine zinabadili mwendo. Mwendo wa kawaida ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Shika saa uhesabu. Ukikuta kushoto panapepesa vizuri na kulia hapapepesi, iache flasha kwanza, kwa sababu ni hiyo hiyo moja inayohudumia pande zote mbili.

Kama bado unaishuku, ichomoe, kisha unganisha kwa kipande cha waya zile soketi mbili ilipokuwa imekaa: B, umeme unapoingia, na L, unapotokea kwenda kwenye taa. Washa swichi, piga indiketa. Taa zikiwaka kwa nguvu zote bila kupepesa, basi waya na globu ni nzima, na hapo una haki ya kuilaumu flasha.

"Testa imewaka, umeme unafika, kwa hiyo waya ni nzima"

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoishia, na hapa ndipo ugonjwa wa gari la mjomba ulipokuwa umejificha. Umeme kufika kwenye globu ni nusu ya safari. Lazima urudi kwenye betri. Kwenye magari mengi njia ya kurudi ni bodi lenyewe, ndiyo tunayoiita ethi. Land Rover hizi zina bodi la alumini lililofungwa juu ya chasisi ya chuma. Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, alumini inalika na kuacha unga mweupe. Unga huo haupitishi umeme. Gari lililokaa pwani miaka karibu hamsini, fikiria una kiasi gani.

Dalili zake ukishazijua huzisahau. Ukipiga indiketa, taa nyekundu ya nyuma nayo inapepesa kidogo. Ukikanyaga breki, indiketa inawaka bila kuitwa. Ni umeme uliokosa njia ya kwenda nyumbani, ukaamua kupita kwa jirani.

Kupima ni rahisi. Weka mita kwenye volti, waya mmoja ushike kichwa hasi cha betri (refusha kwa waya mwingine kama haufiki), wa pili uguse kikombe kinachoshika globu, huku indiketa imewashwa. Ethi nzima inasoma karibu na sifuri. Mimi ikizidi volti 0.2 sikubali. Ya mjomba ilisoma 4. Yaani theluthi ya nguvu ya betri ilikuwa inaishia kwenye kutu.

Nikachukua waya mrefu, nikaunganisha kikombe kile na kichwa hasi cha betri.

"Mjomba, hebu piga kulia."

"Nimepiga, mjomba. Eh! Inapepesa!"

Dawa ya kudumu ilichukua saa nzima, nyingi ikiwa ya kupambana na skrubu mbili zilizoganda. Taa ilipotoka, nyuma yake waya mweusi wa ethi ulikuwa umeshikwa na nyuzi mbili za shaba, zote za kijani. Tulikata sehemu iliyooza, tukaweka kichwa kipya cha duara, tukapeleka waya mpya hadi kwenye bolti ya chasisi. Pale tulipofunga nilipiga msasa mpaka chuma kikang'aa kama kisu kipya, kwa sababu rangi nayo haipitishi umeme. Tulipima tena: 0.05.

"Ukipaka mafuta, umeme hautapita"

Unapita. Kaza kwanza, chuma kibane chuma, kisha paka mafuta ya mgando juu yake. Kazi yake ni kuzuia maji na hewa ya chumvi. Pwani bila hayo utarudia baada ya masika.

"Fyuzi ikikatika, weka kubwa zaidi"

Tafadhali, usifanye hivi, na usizungushie karatasi ya sigara. Fyuzi ikikatika imekuokoa na moto. Kuna jambo pia ambalo wauzaji wengi hawalijui. Fyuzi za kioo za Lucas, kampuni ya Uingereza, zilizoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, lakini uwezo wake wa kubeba muda wote ni 17 tu. Fyuzi za nchi nyingine huandikwa namba ya kubeba muda wote. Ukienda dukani ukapewa "35" ya aina hiyo, umeweka fyuzi inayobeba mara mbili ya iliyotakiwa, na waya utaungua kabla ya fyuzi.

Tafuta waya uliochubuka, hasa pale unapopita kwenye chasisi kuelekea nyuma. Kwenye magari haya ya Kiingereza rangi zinakuongoza: kijani chenye mstari mwekundu ni kushoto, kijani chenye mstari mweupe ni kulia, kijani kitupu ni umeme unaotoka kwenye fyuzi.

"Hazadi zinafanya kazi, kwa hiyo indiketa haina ugonjwa"

Magari mengi ya zamani hazadi (indiketa zote nne kupepesa pamoja kwa dharura) zina fyuzi yake, mara nyingi na flasha yake. Zikipepesa vizuri zote nne, umejua kwamba globu, ethi na waya wa nyuma ni salama. Bado hujajua kuhusu fyuzi ya indiketa, flasha yake na mkono wa kwenye usukani. Tafuta huko.

"Weka LED, utasahau matatizo yote"

Mjomba naye alikuwa ameshashawishiwa. LED inakula umeme kidogo sana, kwa hiyo utepe wa flasha ya zamani haupati joto la kuupinda. Taa zitawaka tu bila kupepesa. Ukitaka LED lazima uweke flasha ya elektroniki. Na kama gari lako lina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, angalia ilivyofungwa: nyingi zimeunganishwa kati ya upande wa kulia na wa kushoto, zikirudishia umeme kupitia globu za upande wa pili. Ukiweka LED hapo, ukipiga kulia zinapepesa zote nne. Tuliamua kubaki na globu za wati 21.

Jioni, kabla ya kufunga boneti, tulizichukua zile flasha tatu za zamani kutoka kwenye droo na kuzijaribu moja baada ya nyingine. Zote zilipepesa.