Kampuni "ya wazawa" ni ipi hasa?

Juzi kijiweni Magomeni, mzee mmoja ambaye hajawahi kushindwa ubishi alituambia kampuni fulani ni ya wazawa kabisa, "si jina lake lina Tanzania?" Wote wakaitikia. Nami kahawa ikanipalia.

Maana yenyewe ni fupi. Kampuni ya ndani kisheria ni ile iliyosajiliwa hapa, yenye cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni. Mtaji wote unaweza kuwa umetoka nje, bado ni kampuni ya Tanzania.

Tatizo ni hili neno mzawa. Linatokana na kuzaa, na kampuni haizaliwi, husajiliwa. Lilipata makali miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yanabinafsishwa na mwanasiasa marehemu Iddi Simba akalivalia njuga suala la uzawa. Hapo ukaanza ugomvi ambao hadi leo haujaisha: mwenye duka wa Kisutu ambaye babu yake alizaliwa hapa hapa, lakini asili yao ni Gujarat, India, ni mzawa au siye? Wengi waliotamka "mzawa" walimwacha nje, ila pasipoti yake ni ya Tanzania. Ndiyo maana mimi husema raia. Uraia una karatasi. Uzawa kila mtu ana wake kichwani.

Hata karatasi zenyewe hubadilika. Kanuni za madini za 2018 zilitaka kampuni ya wazawa iwe na hisa za raia zisizopungua asilimia 51. Mwaka uliofuata zikashushwa hadi 20. Kampuni iliyokosa sifa mwaka mmoja ingeweza kuzipata mwaka wa pili bila hisa hata moja kubadili mkono.

Halafu kuna bia. TBL, yaani Tanzania Breweries, inapika pale Ilala, na Serikali ilichukua hisa zake nyingi mwaka 1967. Mwaka 1993 wakaingia Waafrika Kusini, na tangu 2016 mwenye usemi ni AB InBev ya Ubelgiji. Lakini hisa za TBL ziko pia Soko la Hisa Dar es Salaam, na anayezinunua anaweza kuwa jirani yako wa Temeke.

Kwa hiyo, mzee wangu, ukisema "imesajiliwa hapa" hakuna atakayekubishia. Ukitaka kusema ni yetu, tutajie asilimia na majina ya wenye hisa. Kahawa nalipa mimi.