Mtama uliobanana hauzai zaidi: dhana potofu kuhusu nafasi za kupandia

Dhana: Miche mingi shimoni, mavuno mengi ghalani.

Hii ndiyo inayowagharimu wakulima wa Masasi na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kuliko nyingine zote. Mbegu humwagwa shimoni kwa ukarimu, zikiota zote mwenye shamba anafurahi. Lakini miche minane ya shimo moja inagombea unyevu uleule, na udongo wa kichanga haukai na maji muda mrefu. Mvua ikikatika katikati ya msimu, mashina yanakuwa membamba, masuke yanatoka madogo na mengine hayajai punje. Upepo ukija, mtama unalala. Masuke utayahesabu mengi kweli. Yapukuchue uweke punje kwenye mizani.

Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 75 kati ya mstari na mstari, 30 kati ya shimo na shimo, miche miwili kila shimo. Kwa hesabu hiyo ekari moja inabeba miche kama 36,000. Si michache hata kidogo.

Dhana: Kung'olea miche ni kutupa chakula.

Uchungu wake naujua, hasa kwa mama aliyenunua mbegu kwa fedha ya korosho. Hata hivyo ng'olea, wiki mbili hadi tatu baada ya kuota, ardhi ikiwa na unyevu ili ile inayobaki isitikiswe mizizi. Ukingoja mwezi na nusu, ya ziada imeshanyonya maji na mbolea, na hasara imeshaingia. Wala si lazima itupwe: siku ya mawingu, baada ya mvua, miche iliyotoka na mizizi yake huziba mapengo vizuri.

Dhana: Basi ukiachanisha sana ndiyo bora.

Hapana. Shamba likiwa wazi, magugu yanapata jua na palizi inaongezeka. Mtama hujaribu kujaza nafasi kwa machipukizi, lakini masuke yake hukomaa nyuma ya yale ya shina mama. Unavuna kwa awamu, na ndege wanakula muda mrefu zaidi.

Dhana: Nafasi ni moja kwa kila shamba.

Anayechanganya mtama na mbaazi apanue mistari, maana mbaazi hubaki shambani mtama ukishavunwa. Na penye kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, nafasi peke yake haitoshi: king'olewe kabla hakijatoa maua, na upande mbegu inayokihimili, kama Hakika au Wahi.